Pete mbili zisizo na kitu ndani: uzoefu wangu na pete za kurefusha lenzi

Kama unapiga picha kwa mapenzi tu na kamera yako ni ya kubadilisha lenzi, nakushauri ununue pete za kurefusha lenzi kabla ya lenzi nyingine yoyote. Nimezitumia muda wa kutosha kuzijua kwa uzuri wake na kwa kero zake. Kero zipo na nitazitaja, lakini hakuna kifaa kingine cha picha kilichowahi kunipa kazi nyingi za kupendeza namna hii bila kutoka nje ya nyumba.

Zangu ni seti ya pete mbili, moja ya milimita 10 na nyingine ya milimita 16. Ndani ni hewa tupu. Ukichungulia unaona upande wa pili. Unazifunga kati ya kamera na lenzi, nazo zinaisogeza lenzi mbali kidogo na kihisi, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga, basi. Lenzi ikishasogezwa hivyo, inaweza kukamata fokasi, yaani kuona kwa ukali, kwa karibu zaidi kuliko ilivyotengenezewa, na kitu kidogo kinatokea kikubwa kwenye picha. Hesabu yake ni nyepesi: chukua urefu wa pete, gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake. Pete zote mbili pamoja ni milimita 26, na kwenye lenzi yangu ya 50mm zinaongeza ukuzaji wa 0.5 hivi, yaani taswira kwenye kihisi ni nusu ya ukubwa wa kitu chenyewe. Ukijumlisha na ule wa lenzi yenyewe, unafika kama 0.65. Kwa kihisi cha saizi iitwayo APS-C, chenye upana wa milimita 23 na nusu, kitu cha upana wa sentimita tatu na nusu kinaijaza fremu nzima.

Hesabu hiyohiyo inakwambia pia lenzi gani uziache. Kwenye lenzi pana ya 16mm au 18mm, fokasi inaangukia karibu mno na kioo cha mbele, pengine ndani ya lenzi kabisa, na huambulii kitu. Kwenye lenzi ndefu ya 200mm pete zote mbili zinaongeza 0.13 tu, ingawa hapo bado zina faida kwa vipepeo na vidudu vinavyokimbia ukivisogelea. Lenzi ya kuanzia 35mm mpaka 100mm ndiyo inayopatana nazo vizuri.

Jaribio lililonifanya nizipende ni la tone la maji. Nachukua kijiti chembamba kilichoinama, nakibana mahali pasipotikisika, halafu nadondoshea maji kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yenyewe. Maji yakichanganywa na gliserini kidogo tone linadumu zaidi bila kuanguka wala kukauka. Nyuma yake, sentimita chache, naweka ua. Tone linafanya kazi ya lenzi na ua linaonekana humo ndani zima, dogo, petali zote zikihesabika, ila limegeuzwa juu chini. Kwa hiyo ua halisi nalining'iniza kichwa chini, na ndani ya tone linasimama wima.

Sasa hapo ndipo pete zinapokufundisha kuona. Ukilenga fokasi kwenye ukingo wa tone, ua linakuwa na ukungu. Ukilenga ua, ukingo unayeyuka. Sababu ni kwamba taswira ya ua haikai juu ya tone. Inajijenga mbele yake kidogo, upande wa kamera, na umbali huo mdogo wa milimita moja au mbili ni mkubwa sana ukiwa umesogea hivi. Nilipoelewa hilo niliacha kuhangaika na kuanza kupiga picha mbili bila kuigusa stendi, moja ya ukingo na moja ya ua, kisha naziunganisha kwenye kompyuta. Zile ninazozipenda zaidi, hata hivyo, ni zile ambazo ukingo nimeuacha ulainike na ua peke yake limesimama kali katikati.

Kina cha fokasi ndicho jambo kubwa la kuzoea. Kwa ukuzaji wa 0.65 na tundu la lenzi kwenye f/8 (namba ya f ikipanda, tundu linakuwa dogo), sehemu iliyo kali ina unene wa milimita moja na kidogo. Ukipumua kwa nguvu umeshaipoteza. Fokasi ya otomatiki inatangatanga, inakwenda mbele na kurudi nyuma bila kutua, kwa hiyo mimi naizima. Naweka lenzi kwenye fokasi ya mkono, nachagua ukubwa ninaoutaka, halafu naisogeza kamera yenyewe mbele na nyuma taratibu mpaka kitu kinapokaa sawa. Natumia stendi ya miguu mitatu, kipima muda cha sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise kamera, na nakuza sehemu ndogo kwenye skrini kabla ya kubonyeza. Binti yangu ndiye mtazamaji wangu wa skrini mchana wa Jumapili. "Baba, rudi nyuma kidogo. Kidogo tena. Hapo!" Macho yake ni makali kuliko yangu, na kazi hii anaipenda kweli.

Usikimbilie kuziba tundu mpaka f/22 ukidhani utapata kina zaidi bure. Kadiri lenzi inavyosogea mbali na kihisi, mwanga unaofika unapungua. Ile f/8 inatenda kama f/13 hivi. Ukienda f/16 unakuwa umefika karibu na f/26, na hapo mwanga unatawanyika ukingoni mwa tundu kiasi kwamba picha nzima inapoteza ukali. Mimi sivuki f/11. Mwanga nauchukua dirishani, na upande wa kivuli naweka karatasi nyeupe. Lenzi inakuwa karibu na kitu, kama sentimita 10, na isipoangaliwa inakitilia kivuli, hivyo mwanga wa ubavuni unafaa kuliko wa mbele.

Jaribio la pili ninalolirudia kila nikipata jioni ya utulivu halihitaji jua hata kidogo. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya LCD ya kompyuta. Mwanga unaotoka kwenye skrini ya aina hiyo tayari umechujwa, mawimbi yake yanatetema kwa uelekeo mmoja. Funga filta ya polaraiza, ile inayopitisha mwanga unaotetema kwa uelekeo mmoja tu, mbele ya lenzi na uizungushe polepole. Skrini inafifia mpaka inakuwa nyeusi. Sasa weka mbele yake kijiko cha plastiki angavu, au rula, au kasha la diski. Plastiki inawaka rangi. Pale ilipobanwa wakati inamiminwa kwenye kalibu, muundo wake una mkazo uliobaki, na mkazo huo unageuza mawimbi kwa kiasi tofauti kwa kila rangi, kwa hiyo baadhi yanapenya filta na mengine yanazuiwa.

Bila pete unaona kijiko chenye rangi. Ukiwa na pete unaingia shingoni mwa kijiko, pale mpini unapokutana na bakuli lake. Mistari ya waridi, kijani na manjano inabanana hapo, inapinda pamoja kuelekea ukingoni, na karibu na kile kinundu kidogo ambapo plastiki iliingilia kwenye kalibu inajikunja kuwa duara ndani ya duara. Nina picha ya hapo nimeichapisha na kuitundika ukutani. Wageni wanasimama mbele yake na kuuliza ni sayari gani.

Utando wa sabuni nao una mambo yake. Pinda waya uwe duara, uchovye kwenye maji ya sabuni, uusimamishe wima mbele ya kitambaa cheusi, halafu weka ubao mweupe wenye mwanga mahali ambapo utando utauakisi. Rangi zinashuka kama mapazia kwa sababu maji yanavutwa chini na utando unazidi kuwa mwembamba juu. Ukiona sehemu ya juu inageuka nyeusi, bonyeza haraka. Hapo unene umekuwa mdogo sana kuliko urefu wa mawimbi ya mwanga, akisi za nyuso mbili zinafutana, na utando uko tayari kupasuka.

Skrini ya televisheni ikipigwa kwa karibu inaonyesha vijidoa vyekundu, kijani na bluu vinavyounda ule weupe tunaouona. Ni picha ya kupiga mara moja na kuridhika. Chumvi, uzi wa shati na maandishi ya sarafu ni mazoezi mazuri ya siku ya kwanza.

Mimea ni habari nyingine. Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa sanaa Berlin, alitumia miaka mingi kupiga vichipukizi, vikonyo na maganda ya mbegu kwa kamera aliyojitengenezea, nyuma yake akiweka mandhari tupu tu. Picha zake zilitoka kitabuni mwaka 1928 na mpaka leo zinaonekana kama nguzo na vyuma vya kufuliwa. Kamera za aina yake zilikuwa na mfuko unaorefuka kati ya lenzi na bamba la kupokea picha, yaani kanuni ileile ya pete zangu. Nimechukua kwake mambo mawili, karatasi ya kijivu nyuma na mwanga laini wa upande mmoja, na magugu ya kawaida kabisa yamenipa picha ambazo sikuwahi kuzipata kwa maua ya kununua.

Kero sasa. Ya kwanza, pete zikiwa zimefungwa huwezi kupiga kitu cha mbali. Mtu akikuita ugeuke umpige picha, itabidi uzifungue kwanza. Na kila kufungua ni nafasi ya vumbi kuingia kwenye kihisi, nami nimelazimika kuwa na pampu ya mkono ya kupulizia karibu muda wote.

Ya pili ni utengenezaji. Seti yangu ni ya bei ya chini, na lenzi inacheza kidogo ukiitikisa. Kwa lenzi nyepesi haina athari. Lenzi nzito nisingeiamini hapo. Kuta za ndani zinang'aa kuliko inavyopaswa, hivyo mwanga mkali ukitoka mbele, weusi kwenye picha unageuka kijivu. Nimebandika ukanda wa kitambaa cheusi ndani, mbali na pini za umeme zinazounganisha kamera na lenzi, na tofauti inaonekana waziwazi.

Hizo pini za umeme ndizo kitu cha kukagua kabla ya kulipa. Zipo pete za bei rahisi zaidi ambazo ni bomba tupu lisilo na pini. Lenzi nyingi za kisasa hupokea amri ya tundu kutoka kwenye kamera, na hata gurudumu la fokasi linaendeshwa na mota. Bila pini, vyote hivyo vinakufa. Pete za namna hiyo zinawafaa wenye lenzi za zamani zenye gurudumu la tundu kwenye mwili wake, wengine waziache.

Kuna watakaouliza kwa nini nisingenunua vile vioo vya kukuza vinavyofungwa mbele ya lenzi. Ni vyepesi na havipunguzi mwanga, lakini vya bei nafuu vinaleta kingo za zambarau kwenye kila mstari mkali. Pete hazina kioo, haziongezi kasoro ya kwao. Zinachofanya ni kuipeleka lenzi yako mahali ambapo haikuundwa kufanya kazi, kwa hiyo pembe za picha zinalainika. Lenzi halisi ya makro, iliyoundwa kwa ajili ya vitu vya karibu, inazishinda hapo, na inafika ukuzaji wa 1, taswira sawa na ukubwa wa kitu chenyewe, bila kufungua chochote. Anayepiga vito au wadudu kwa malipo anunue hiyo. Mimi pembe laini hazinisumbui, maana kitu changu karibu kila mara kiko katikati.

Mwenye lenzi moja tu, ile ya 18-55mm inayokuja na kamera, asikate tamaa. Aiweke kwenye 55, afunge pete ya milimita 16 peke yake, tundu f/8, fokasi ya mkono, na aanze na kitu bapa kama sarafu iliyolala sambamba na kihisi, ili ile sehemu kali yenye unene mdogo imtoshe. Pete ya 10 aiongeze mikono ikishazoea kusogeza kamera badala ya kuzungusha lenzi.