Nilivyouona ushauri wa kuchagua shahada

Nilimpeleka mpwa wangu, aliyepata gredi ya B katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, kwa mshauri wa masomo aliye na ofisi katikati ya jiji la Nairobi, ili asaidiwe kuchagua shahada kabla ya tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, kufungwa kwa maombi. Tulilipa shilingi 1,500, na nusu ya kwanza ya kikao ilistahili pesa hizo: mshauri alichukua karatasi, akaorodhesha masomo manne ya klasta ya uuguzi (yaani masomo yanayohesabiwa kwa kozi hiyo), kisha akaeleza kwamba C+ humruhusu mwanafunzi kuomba shahada tu, ilhali nafasi yenyewe hushindaniwa kwa alama za klasta, ambazo upeo wake ni 48. Hapo ndipo mpwa wangu, ambaye alikuwa akiitazama gredi ya jumla pekee, alipong'amua kwamba D+ yake ya fizikia ilikuwa imemfungia uhandisi.

Baadaye kikao kililegea. Mshauri alianza kukisifu chuo kimoja cha kibinafsi, hata fomu zake akazitoa mezani (kamisheni haikosi, nadhani), na swali letu kuhusu mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, likajibiwa kijuujuu. Risiti tuliidai mara mbili.