Nyaya za rilei za taa kubwa (H4) kwenye Hilux LN106: zinafaa, ila si za kuchomeka tu

Nimezinunua Mwanjelwa, Mbeya, kwa ajili ya Hilux LN106 ambayo taa zake kubwa zilikuwa zinazimika zenyewe na kurudi, hasa ukitembea na dimu muda mrefu. Kwenye pakiti kuna rilei mbili za volti 12 (swichi zinazowashwa na umeme mdogo ili zipitishe mkubwa), soketi mbili za seramiki za globu za H4, zile zenye dimu na ful ndani ya globu moja, plagi dume moja ya kuingia kwenye soketi ya zamani, na fyuzi moja. Bei ni chini ya swichi mpya ya stelingi.

Kabla hujatoa hela, jua tatizo liko wapi. Ikizimika taa moja, angalia globu, soketi na fyuzi ya upande huo; rilei hazitakusaidia. Zikizimika zote kwa pamoja, shuku rilei ya zamani, swichi ya stelingi au ethi yake (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi). Ukipiga ful zikawaka, basi ni upande wa dimu wa swichi. Kwenye Hilux hizi chanya inafika kwenye globu, na swichi inakata hasi. Globu mbili za wati 55, karibu ampea 9, zinapita kwenye viguso vidogo vya swichi iliyochoka. Vikichemka vinaachia, vikipoa vinashika tena.

Pima kwa multimita injini ikiwa inanguruma na globu ikiwa imechomekwa, ncha ziingie kwa nyuma ya soketi. Ukipima soketi tupu utasoma volti zote na kudanganyika, maana hakuna mzigo. Betri ilisoma 13.9, kwenye globu 11.8. Mimi tofauti ikizidi nusu volti siivumilii. Halojeni ikipungukiwa volti kwa asilimia 10 inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga, na kwenye ukungu wa Isongole hilo halihitaji kipimo.

Kasoro kubwa ya nyaya hizi: zimetengenezwa kwa magari ambayo swichi inakata chanya. Pini 85 za rilei zote mbili (85 na 86 ni ncha mbili za koili inayovuta rilei), pamoja na pini ya plagi dume inayotumiwa na dimu na ful kwa pamoja, zimefungwa kwenye bodi. Ukichomeka hivyo kwenye Hilux, fyuzi ya upande huo inaungua ukiwasha tu. Dawa yake: kata waya wa 85 na wa pini hiyo ya pamoja kutoka kwenye bodi, viunge pamoja. Pini 86 ziache kwenye dimu na ful kama zilivyo. Ethi za soketi mpya ndizo zibaki kwenye bodi, na pale pa kufungia kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Kama rilei imechorwa dayodi ubavuni (alama ya mshale wenye kistari, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), badilishana 85 na 86, la sivyo utaunda shoti.

Ukimaliza, piga ful usikilize: rilei ya dimu lazima iachie. Zikishika zote mbili globu inachemka kupita kiasi, na mara nyingi umeme unapenya kwenye kiglobu cha bluu cha dashibodi kinachoonyesha ful. Kitoe ujaribu tena. Kwangu kilibaki nje, na sikioni kama hasara kubwa.

Waya wa kutoka betri ni mwembamba kuliko unavyoonekana. Chuna kidogo utaona plastiki nene na shaba kiduchu. Niliweka wa milimita za mraba 2.5. Fyuzi moja kwa taa zote sikubaliani nayo hata kidogo: ikikatika usiku ukiwa unashuka mlima Kitonga, unabaki gizani kabisa. Tenganisha dimu na ful, kila rilei fyuzi yake ya ampea 15 karibu na betri. Pini za soketi zilikuwa zimebanwa ovyo, moja ilichomoka kwa kuvuta kidogo. Zibane upya kisha zitie risasi.

Seramiki yenyewe ni nzuri, haiyeyuki kama plastiki, ila inapasuka ukiilazimisha. Baada ya kazi, kwenye globu nasoma 13.5 na taa hazikatiki tena, hata kwenye mvua za Tukuyu. Rilei zifunge pini zikitazama chini, maji yasituame. Mwenye Land Cruiser ya volti 24 asinunue hizi, atachoma koili.