Flaiwili mpya ya kwodi yangu, na mafundi wa Kariobangi wasiotumia nyundo

Kama una kwodi, pikipiki ya magurudumu manne, hapa Nairobi ambayo betri yake haikai na chaji, na upande wa kushoto wa injini unasikia vyuma vikigongana, usikimbilie kununua betri nyingine. Tafuta fundi wa kupima flaiwili, lile gurudumu lenye sumaku linalozunguka ndani ya injini. Yangu ilibadilishwa kwenye gereji moja ndogo Kariobangi Light Industries, na kazi waliyofanya naisifu bila kusita, ingawa kuna mambo mawili yaliyoniudhi.

Kwodi yenyewe ni ya Kijapani, silinda moja, ya kabureta. Si ya kuchezea wikendi. Inakaa shambani Kiserian, inavuta trela ya maji na nyasi za ng'ombe, na njia ya kwetu ni mlima na mawe. Ikilala, nalipa mtu wa punda.

Ilianza kusumbua asubuhi. Stata inazunguka kivivu, taa zinafifia injini ikitulia, na ikishika kasi inakata moto kidogo kisha inaendelea. Fundi wa kwetu akabadilisha plagi, akabadilisha rekitifaya inayorekebisha umeme wa kuchaji betri, akasafisha kabureta. Mlio ukazidi. Hapo nikaipakia kwenye pikapu, Magadi Road mpaka Lang'ata Road, kisha Mombasa Road na Outer Ring.

Kilichonifanya niwaamini ni kwamba hawakushika spana kwanza, walishika mita. Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.3. Injini ikanguruma, na namba ambayo ingepaswa kupanda hadi karibu 14 ikabaki palepale. Fundi akachomoa soketi ya nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili, zile nyaya zilizosokotwa zinazotoa umeme, akapima jozi moja baada ya nyingine huku kijana wake akibonyeza mafuta. Jozi moja ikiwa chini na nyingine ziko sawa, shaka inakwenda kwenye koili. Zetu zote zilikuwa chini, tena zinarukaruka. "Mama, hizi ni sumaku," akaniambia, na akaniita nisogee nione kila hatua. Nimekwenda gereji nyingi mjini hapa. Kuitwa uangalie si jambo la kila siku.

Oili ikamwagwa, kifuniko cha kushoto kikatolewa, na ndani yake tukaona vumbi jeusi la chuma limeganda. Kwa wasiojua, flaiwili ya kwodi ni kama sufuria nzito ya chuma iliyokaa kwenye ncha ya krenki, ule mhimili unaozunguka wa injini, na sumaku zimegandishwa kwa gundi kwenye ukuta wake wa ndani. Zikizunguka kuizingira koili, umeme unazaliwa: wa kuchaji betri na wa taa. Kwa nje ina kipande kilichoinuka, na kikipita mbele ya pikapu koili, yaani kihisi kidogo kilicho kando yake, injini inajua wakati wa kurusha moto kwenye plagi. Kwa hiyo flaiwili moja ikiharibika unapata magonjwa mawili yasiyofanana, chaji na moto, na ndiyo maana watu wanabadilisha vitu vingi vizima kabla ya kuifikia.

Sehemu ya kuitoa ndiyo ningependa kila mwenye kwodi aishuhudie. Flaiwili imekaa kwenye ncha iliyochongoka, na inabana kiasi kwamba hata nati ikitoka haisogei. Mafundi wengi huchukua nyundo na patasi. Nyundo inapasua sumaku, na inaweza kupindisha krenki, na krenki ni gharama ya kukuliza. Hawa walikuwa na pula, kifaa cha kuvutia flaiwili, ya saizi yake, inayoingia kwenye nyuzi za katikati ya flaiwili. Waliishika flaiwili kwa mkanda ili isizunguke, wakakaza bolti ya pula polepole, kisha ikaachia kwa kishindo. Tulipoigeuza, sumaku mbili zilikuwa zimeachana na ukuta na kusogea, na mojawapo ilikuwa imekwangua koili. Bahati nzuri vanishi ya nyaya ilikuwa bado haijakatika. Wakapima kama koili inagusana na bodi, ikawa salama.

Jirani wa gereji hiyo alipita akashauri tugandishe sumaku kwa epoksi, nilipe kidogo, niende zangu. Fundi wangu akakataa mbele yangu, na sababu zake zilikuwa nzuri. Sumaku hupangwa kaskazini na kusini kwa zamu, na nafasi zake zilingane. Ukikosea moja tu umeme unapungua. Tena kitu hicho kinazunguka mara maelfu kwa dakika, ndani ya oili ya moto. Ikibanduka tena shambani, safari hii itaondoka na koili. Kwa mashine inayobeba maji ya mifugo nakubaliana naye kabisa.

Kutafuta flaiwili ndiko kulikochosha. Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanakuita Grogan, spea za bodaboda zimejaa hadi barabarani, lakini za kwodi ni za kubahatisha. Niliuziwa maneno mengi kwamba "hii inaingia". Haiingii. Lazima ulinganishe upana wa ncha ya krenki, idadi ya sumaku, na vile vipande vya nje, kwa sababu modeli ileile ya kabureta na ya injekta zinaweza kutofautiana hapo, na ukiweka isiyo yake moto hautakuja kwa wakati. Mwishowe fundi aliagiza isiyo ya kampuni iliyotengeneza kwodi, mpya kabisa. Ufundi wote uligharimu chini ya nusu ya bei ya flaiwili hiyo, na naona ni haki.

Kuirudisha kulifanywa kwa utulivu. Ile klachi ya stata iliyofungwa mgongoni mwa flaiwili ya zamani ilihamishwa, ikajaribiwa kwa mkono kuona kwamba inashika upande mmoja na kuteleza upande wa pili. Ncha ya krenki ikafutwa kwa petroli mpaka ikakauka, maana oili ikibaki pale flaiwili inaweza kuteleza, ikate kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachoiweka mahali pake kwenye krenki, na moto uhame. Kii ikawekwa mpya. Kijana akapitisha kitambaa ndani ya sumaku kutafuta nati au chembe iliyonaswa. Nati ikakazwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, gasketi mpya, oili 10W-40.

Ilipowaka, mlio haukuwepo. Betri ikapanda hadi 14.1, na taa hazikufifia tena.

Sasa malalamiko. Niliambiwa flaiwili ingefika haraka, ikachelewa sana, na nilipokuwa napiga simu jibu lilikuwa "iko njiani, mama" bila maelezo. Wangeniambia ukweli ningepanga mambo ya shamba. Pili, risiti niliidai mpaka nikachoka, na spea bila risiti huna pa kuirudisha ikifa.

Waliniagiza nimwage oili mapema kuliko kawaida ili mabaki ya vumbi la chuma yatoke, na nilipofanya hivyo ilitoka ikiwa safi. Tangu hapo kwodi inavuta maji kila asubuhi, inawaka kwa mguso wa kwanza.

Ukienda Kariobangi, fika mapema siku ya kazi, kabla vibanda havijajaa. Uliza kwanza kama wana pula ya saizi ya injini yako, na wakileta nyundo, pakia kwodi yako uondoke. Flaiwili ya zamani usiwaachie kabla mpya haijafika. Ishike mkononi unapokwenda kutafuta, uilinganishe na hiyo wanayokuuzia palepale kaunta.