Miti ya ukoo wa minazi kwenye baridi ya kusini mwa Uingereza: aina nilizopanda na alama ninazozipa

Nianze na jibu, sababu zitafuata. Kama bustani yako iko kusini mwa Uingereza na unataka mti mmoja tu wa ukoo wa minazi ambao hautakutia presha kila Januari, nunua Trachycarpus wagnerianus. Ukiukosa, chukua Trachycarpus fortunei. Chamaerops humilis ni wa tatu, tena uukalishe karibu na ukuta. Iliyobaki ni kamari, na dau lake si dogo.

Majina ya Kilatini nayataja makusudi. Kiswahili kimeipa jina kila mti wa kwetu: mnazi, mtende, mkindu, mchikichi, mvumo, mkoche. Hii ya ugenini haimo, na majina ya Kiingereza kwenye vibandiko ni vurugu tupu. Cordyline australis inauzwa kwa jina la mtende wa Torbay, mahali huko Devon, ilhali si wa ukoo huu kabisa, ni mmea wa New Zealand. Cycas revoluta nayo inaitwa mtende, na siyo. Ukiagiza kwa jina la Kiingereza, usishangae kuletewa kitu kingine.

Halafu ile namba ya baridi kwenye kibandiko. Wanaandika kwamba mti unastahimili nyuzi 15 chini ya sifuri. Si uongo, ila wamekatisha sentensi. Hiyo ni namba ya mti mkubwa wenye shina, ulioshika ardhi miaka kadhaa, kwenye udongo usiotuamisha maji, na kwa usiku mmoja mawili tu. Mche wa chungu cha lita 3 uliokaa juu ya saruji hauufikii huo ustahimilivu hata kidogo, kwa sababu hewa ya baridi inaizunguka mizizi pande zote. Mizizi iliyoko ardhini ina blanketi la udongo.

Na mara nyingi kinachoua huku si baridi peke yake, ni baridi iliyolowana. Mvua inaingia kwenye moyo wa mti, inatuama kati ya majani machanga, usiku inaganda na kupasua nyama laini ya ndani, kisha kuvu linaingilia hapo. Kwa nje mti unabaki kijani hadi Machi. Ndiyo maana Washingtonia filifera, ambao kwenye ukavu wa California unavumilia nyuzi kadhaa chini ya sifuri bila shida, huku unaoza moyo kwenye baridi ndogo kuliko hiyo. Huo naupa alama 1 kati ya 5, na hiyo 1 ni ya sura.

Trachycarpus fortunei, alama 4. Asili yake China. Mskoti Robert Fortune alituma miche Kew, bustani maarufu ya mimea huko London, mwaka 1849, kwa hiyo kwenye baridi ya Uingereza umeshafanyiwa majaribio ya kutosha. RHS, shirika la kifalme la kilimo cha bustani, limeuweka daraja H5, yaani nyuzi 10 hadi 15 chini ya sifuri. Majani yake yana umbo la upepeo kama ya mvumo au mkoche, siyo kuti la mnazi. Shina limevikwa nyuzi za kahawia ambazo ukizishika utadhani ni makumbi. Kuna watu wanazinyoa ili shina lionekane jembamba na safi. Mimi siwashauri, nyuzi hizo ndizo koti la mti. Ukishashika ardhi na kulishwa vizuri unarefuka sentimita 20 hadi 30 kwa mwaka.

Alama moja nimeikata kwa ajili ya upepo. Jani ni pana na laini, kwa hiyo ncha zinavunjika na kuning'inia. Ukiupanda pwani ya kusini bila kizuizi chochote, kufika Februari una fagio lililochakaa. Haufi, lakini hautazamiki.

Hapo ndipo wagnerianus unapopata 5. Baridi unastahimili sawasawa na mwenzake, ila jani ni dogo, gumu, limekaza kama kadibodi, na majani machanga yana utepe mweupe wa manyoya ukingoni. Upepo unalipita. Dosari ni mbili: ukiwa mdogo unakua polepole, na bei iko juu kwa kimo kilekile. Kwa bustani ndogo ya nyuma ya nyumba, hizo dosari nazikubali.

Chamaerops humilis, alama 3 na nusu. Huu ni mwenyeji wa nchi za upande wa magharibi wa Mediterania, daraja H4, nyuzi 5 hadi 10 chini ya sifuri. Unachipua mashina mengi kutoka tako moja, na hiyo ndiyo bima yake: shina moja likioza moyo, mengine yanaendelea. Vikonyo vina miiba mikali, basi usiuweke pembeni ya njia wanakopita watoto, na usipogoe bila glavu nene. Ile aina ya milima ya Atlas, Moroko, yenye majani ya kijivu-buluu, inavumilia baridi zaidi kidogo lakini inadai jua la kutwa.

Kwa anayetamani kuti lenyewe, lile la kupinda kama la mnazi, ipo Butia odorata. Alama 3. Mti mkubwa unafika nyuzi 8 hadi 10 chini ya sifuri, lakini unataka udongo unaopitisha maji haraka na miaka mingi ya subira. Phoenix canariensis ndio unaouzwa rahisi na kila mtu anaununua kwa sababu unafanana na mtende. Alama 2. Nyuzi 5 chini ya sifuri zinatosha kuunguza majani ya mti mdogo. Katikati ya London, kwenye joto la majengo, unaishi. Ukitoka nje ya mji ni kucheza pata potea. Baridi ya Desemba 2010 iliondoka na mingi. Mkindu wetu, Phoenix reclinata, ni wa chungu tu: nje kiangazi, ndani Oktoba. Na mnazi wenyewe, ule unaouzwa nazi ikiwa imechomoza chunguni, usijisumbue. Hata sebuleni unakufa taratibu kwa kukosa joto, mwanga na unyevu wa hewa.

Upandaji. Panda kati ya mwisho wa Aprili na Juni, mizizi ipate kiangazi chote cha kushika. Zamisha chungu kizima kwenye ndoo ya maji mpaka viputo viishe. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya chungu na kina kilekile cha chungu. Uso wa udongo wa chunguni ulingane na uso wa ardhi. Ukifukia shina chini zaidi unaalika uozo. Kama udongo wako ni mfinyanzi, usimwage kokoto chini ya shimo. Ushauri huo umeenea sana na ni mbaya: maji ya mfinyanzi unaozunguka yanakimbilia kwenye kokoto na kubaki humo, ukawa umeuchimbia mti kisima. Badala yake inua tuta la sentimita 20 hadi 30, changanya changarawe na mboji kwenye tuta lote, upande juu yake. Kwenye bustani yenye mteremko epuka bonde la chini, maana hewa ya baridi huteremka kama maji na jalidi hukaa huko. Wakulima wa chai wa Limuru wanaijua habari hiyo bila kuelezwa.

Kiangazi cha kwanza, lita 10 za maji mara mbili kwa wiki kama mvua hakuna. Mbolea ianze Aprili iishe Agosti, iwe na potasiamu na magnesi, siyo naitrojeni tupu. Majani ya chini yakipiga manjano wakati ya juu ni mazima, mara nyingi ni upungufu wa hizo mbili. Yaache mpaka yakauke. Mti unayanyonya chakula na kukipeleka juu.

Majira ya baridi, Trachycarpus ulioshika hauhitaji kufunikwa kusini mwa Uingereza. Mche wa miaka miwili ya mwanzo, Butia na Phoenix vinahitaji. Tandaza maganda ya miti sentimita 10 juu ya mizizi bila kugusa shina. Utabiri ukisema nyuzi 4 chini ya sifuri au baridi kuliko hapo, kusanya majani juu, yafunge kwa kamba laini, zungushia kile kitambaa cheupe chepesi cha bustani mara mbili. Nailoni hapana, inafungia unyevu ndani. Baridi ikipita, fungua siku hiyohiyo. Mti unaofungwa Novemba na kufunguliwa Machi huoza kwa kukosa hewa, kisha lawama anabebeshwa aliyeuuza.

Ukaguzi wa Februari ni wa kuti la moyo, lile jani changa la katikati linalosimama kama mkuki kabla ya kufunguka. Livute taratibu kwa vidole viwili. Likikaza, vizuri. Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika, chora mstari mmoja unaokata kuti la moyo na kikonyo cha jirani yake. Baada ya wiki mbili tatu za joto la Aprili tazama tena: mistari ikiachana, mti unakua, hata ukiwa na sura mbaya kiasi gani. Kuti la moyo likichomoka mkononi, lina ute na linanuka, using'oe mti. Safisha tundu, mimina haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, mpaka povu litulie, kisha kinga mvua kwa kipande cha plastiki kilichoinuliwa ili hewa ipite. Rudia baada ya siku nne. Trachycarpus mara nyingi hurudi kufikia Julai, na jani la kwanza hutoka likiwa limekatika nusu. Ni kawaida. Phoenix mdogo kurudi ni nadra.

Kuhusu kununua kwa mtandao: unayolipia ni urefu wa shina, lakini muuzaji anaweza kuutangaza mti kwa kimo chote pamoja na majani. Uliza urefu wa shina tupu na ujazo wa chungu. Boksi likifika, vuta kuti la moyo kabla hujafanya lolote, na piga picha. Tazama kibandiko cha pasipoti ya mmea, ile hati rasmi ya kwamba mmea umekaguliwa wadudu na magonjwa. Phoenix bila pasipoti usiupokee, kwa sababu ya fukusi mwekundu, Rhynchophorus ferrugineus, yuleyule anayesumbua mitende ya Oman. Mzigo ukifika Novemba, usiupande. Uweke kwenye banda lenye mwanga lisiloganda, mwagilia kidogo tu udongo ukikauka, na subiri Aprili.