Mihadhara ya Mtandaoni Kuhusu Mapenzi kwa Wagiriki wa Kale: Uzoefu Wangu

Ukitafuta mtandaoni Wagiriki wa kale walisema nini juu ya mapenzi, utaletewa kwanza orodha: aina saba za mapenzi, karibu kila moja na jina lake la Kigiriki. Inazunguka sana hata kwenye makundi ya WhatsApp. Hakuna mwanafalsafa wa kale aliyeiandika. Sehemu yake kubwa inatokana na kazi ya John Alan Lee, mwanasosholojia wa Kanada, iliyotoka mwaka 1973. Nilitaka kuwasikia wanafalsafa Plato na Aristotle wenyewe, ndipo nikatafuta mihadhara ya chuo kikuu. Niliyoipata ni ya bure, ya video, kwa Kiingereza, na mwalimu anazungumza mbele ya wanafunzi wake darasani. Nimeisikiliza yote, na baadhi nimeirudia.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba mwalimu hana haraka. Sehemu kubwa ya kozi anaitumia kwenye andiko moja tu, Symposium ya Plato, mazungumzo ya karamuni, na karibu kila hotuba iliyomo ina mhadhara wake. Kisa chenyewe kinatokea Athens mwaka 416 KK, nyumbani kwa Agathon, kijana aliyetoka kushinda tuzo ya tamthilia. Wageni bado wana uchovu wa pombe ya jana, wanakubaliana leo wasinywe sana, wanamwondoa mpiga zumari, kisha kila mmoja anapewa zamu ya kumsifu Eros, mungu wa mapenzi. Mwalimu alisisitiza tangu mwanzo kwamba tusiokote sentensi ya mzungumzaji yeyote tukasema "Plato anasema." Hilo peke yake lilibadilisha namna ninavyosoma.

Chukua hotuba ya Aristophanes, mwandishi wa vichekesho. Zamu yake inafika akiwa na kwikwi, inabidi daktari Eryximachus azungumze kwanza huku akimshauri abane pumzi, asukutue maji, na ikishindikana ajitekenye pua apige chafya. Ndipo anasimulia kwamba zamani binadamu alikuwa wa mviringo, mwenye mikono minne, miguu minne na nyuso mbili, hadi Zeus alipomkata katikati, na tangu hapo kila mtu anatafuta nusu yake. Watu wengi wanaishia hapo, wanaandika kwenye kadi za harusi. Mwalimu aliendelea mbele, hadi pale Diotima, mwanamke anayenukuliwa na Socrates, mwalimu wa Plato, anapojibu kwamba hakuna apendaye nusu wala kizima kama hicho anachokipenda si chema. Mtu hukubali hata kukatwa mguu wake mwenyewe ukiwa umeharibika. Nilisimamisha video nikatafakari sana hoja hiyo, kwa sababu ukiikubali, ile habari ya "nusu yangu" haikutoshi tena.

Diotima ni mwanamke wa Mantinea ambaye Socrates anasema ndiye aliyemfundisha mambo ya mapenzi. Kwake yeye Eros si mungu. Ni kiumbe wa katikati ya miungu na wanadamu, mtoto wa Umaskini na Maarifa ya kujitafutia, aliyetungwa mimba siku ya sherehe ya kuzaliwa Aphrodite. Hana viatu, analala chini milangoni na njiani, daima anakosa na daima anatafuta. Baadaye inakuja ile ngazi maarufu: unaanza na uzuri wa mwili mmoja, unapanda kwenye miili yote, kisha roho, kisha sheria na desturi, kisha elimu, mpaka Uzuri wenyewe. Hapa mwalimu alileta pingamizi la mwanafalsafa Gregory Vlastos, la mwaka 1973 pia: katika ngazi hiyo mtu tunayempenda yuko wapi? Tunapenda sifa zake tu, na akitokea mwenye sifa zaidi tunahama? Mimi pingamizi hilo naliona zito, na sijaona jibu linaloliondoa kabisa.

Mhadhara uliofuata ndio ulionifanya niandike tathmini hii. Alcibiades, mwanasiasa mashuhuri wa Athens, anaingia amelewa, amevaa shada la maua kichwani, anakataa kumsifu Eros na badala yake anamsifu Socrates, mtu mmoja, kwa jina. Anasimulia jinsi alivyomtamani, akalala naye chini ya joho moja usiku kucha, akaamka kama aliyelala na baba yake au kaka yake mkubwa. Anasimulia pia vita vya Potidaea, Socrates akitembea pekupeku juu ya barafu huku askari wenzake wamejifunga miguu kwa manyoya. Mwalimu akarudisha ukurasa: Eros wa Diotima naye hakuwa na viatu. Akarudi tena mwanzo kabisa, pale Socrates anapokutwa akielekea karamuni ameoga na kuvaa makubazi, jambo ambalo hakulizoea. Nilikuwa nimeshaisoma Symposium, na mambo hayo matatu sikuwahi kuyaunganisha. Sasa naamini Plato alimweka Alcibiades mwishoni ili ngazi ya Diotima isipite bila kuulizwa, na mwanafalsafa Martha Nussbaum aliitetea njia ya namna hiyo mwaka 1986.

Nimependa pia kwamba mwalimu hakuzunguka mambo magumu. Mapenzi yanayosifiwa katika andiko hili kwa sehemu kubwa ni ya mwanamume mzima na mvulana, desturi ya wenye nafasi pale Athens, na alieleza ilivyokuwa bila kuipamba. Alikumbusha pia kwamba mwanamke pekee anayetoa hoja hayupo chumbani. Maneno yake tunayapata kinywani mwa Socrates.

Upungufu upo. Aristotle amepewa mhadhara mmoja tu, wakati alitenga vitabu viwili kati ya kumi vya Nicomachean Ethics kwa ajili ya urafiki. Zile aina tatu, urafiki wa faida, wa starehe na wa wema, zimetajwa kwa haraka, na ile kauli kwamba watu hawajuani kabla hawajala chumvi pamoja haikuguswa. Sappho, mshairi wa kike wa mapenzi, hayumo kabisa, naye aliandika katika kisiwa cha Lesbos karibu miaka mia mbili kabla ya Plato. Hilo limenisikitisha.

Kuhusu matumizi: video zinakula bando, lakini kuna sauti peke yake na inatosha, kwa kuwa ubaoni haandiki mengi. Maandishi ya chini ya video yanaharibu majina ya Kigiriki, usiyategemee. Andiko lenyewe lipo bure kwenye Perseus, maktaba ya kidijitali ya chuo cha Tufts. Mwalimu akitaja namba kama 205e, anarejelea kurasa za toleo la mwaka 1578, nazo ni zilezile katika tafsiri nyingi, kwa hiyo utafika mahali anaposoma bila shida. Kiingereza chake ni cha kasi kidogo. Mimi nilipunguza mwendo.

Cheti hakuna. Mwenye bando dogo apakue sauti tatu, Aristophanes, Diotima na Alcibiades, azisikilize kwa mpangilio huo, na asome kila hotuba kabla ya kubonyeza.