Rili ya bei poa ya kuvulia bass: Black Max au SLX?

Kwa anayevua bass (samaki wa maziwa na mito) huko Marekani na hataki kumwaga hela kwenye rili, yaani kile kifaa cha kukunjia mshipi kwenye fimbo, mi naona mzozo uko kati ya Abu Garcia Black Max na Shimano SLX ya kawaida, ile iliyotoka 2018 kwa kama dola 100, Black Max wakati huo ilikuwa karibu nusu yake.

Tofauti kubwa iko kwenye breki bana, ile inayopunguza kasi ya spuli, kile kigurudumu kinachobeba mshipi. Black Max ni ya sumaku, kuna kitufe cha kuzungusha pembeni kwa nje, upepo ukikupiga usoni unaongeza kidogo unarusha tena, kwa anayejifunza hiyo inaokoa sana maana spuli ikizunguka haraka kuliko chambo kinavyoruka mshipi unafumuka na kufungana hapo hapo, utakaa unachokonoa vifundo wenzako wanavua. SLX breki zake ni vidude vya ndani vya kuwasha na kuzima, lazima ufungue kifuniko cha pembeni, usumbufu kweli kama mkono umelowa.

Ila bodi ya SLX ni ya metali, haipindi ukimvuta samaki kwenye magugu. Mi ningechukua hiyo, anayeanza achukue Black Max. Sangara wakubwa wa Ziwa Victoria? Hapana, zote ndogo.