Street Survivors: Jalada la Moto au Jalada Jeusi?

Anayekusanya santuri za Lynyrd Skynyrd, bendi ya roki ya Marekani, hafiki mbali kabla ya kukutana na swali hili. Albamu yao Street Survivors ilitoka tarehe 17 Oktoba 1977, na jaladani bendi imesimama barabarani, majengo yakiwaka moto nyuma yao. Siku tatu baadaye ndege yao ilianguka Mississippi. Walikufa mwimbaji Ronnie Van Zant, mpiga gitaa Steve Gaines, dada yake Cassie na wengine watatu. Mjane wa Steve aliomba picha ile iondolewe, na MCA, kampuni iliyotoa santuri hiyo, ikachapa jalada jipya: bendi ileile, nyuma yao giza tupu.

Nyimbo ni zilezile, kwa hiyo masikio hayakusaidii kuchagua. La moto ndilo wakusanyaji wengi wanalolitafuta kwanza, na wauzaji wanalijua hilo. Lakini litazame kwa karibu: Steve yupo katikati, ndimi za moto karibu zimfunike uso. Mimi siwezi kulitundika ukutani.

Jeusi huonyesha uchakavu upesi. Santuri ikisugua karatasi kwa ndani miaka mingi, huacha pete nyeupe, kama alama ya kikombe cha chai mezani. Hata hivyo, ukiwa na fedha ya moja tu, chukua jeusi lenye santuri isiyo na mikwaruzo. La moto lichukue ukitaka kushika mkononi zile siku tatu ambazo bendi nzima bado ilikuwa hai.